Sampuli Zilipanda Ndege, Mtoto wa Kitui Akabaki Kituoni

Mwaka 2004 mahindi yaliua watu Ukambani, mashariki mwa Kenya. Sisemi njaa, nasema mahindi yenyewe. Yalivunwa, yakawekwa ndani ya nyumba yakiwa bado na unyevu, yakasagwa, ugali ukasongwa, watoto wakala. Macho yakawa manjano, matumbo yakajaa maji. Kufikia Julai 20 wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa, na 125 kati yao walikuwa wamekufa, wengi wao watu wa Makueni na Kitui. Wapimaji walipopita masokoni na kuchukua sampuli 350 za mahindi na unga, zaidi ya nusu zilikuwa na sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini kupita kiwango cha sheria.

Hayo kila mtu wa rika langu anayakumbuka. Safari ya mahindi yale ndiyo isiyosimuliwa. Yalivuka bahari hadi Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, na mwaka 2007 watafiti wa huko wakachapisha jina la muuaji: aina ya kuvu ya Aspergillus flavus waliyoiita S, hodari kupindukia wa kutengeneza sumu. Baadaye DNA ikaonyesha kuwa kuvu hii si ile ya S inayojulikana Marekani. Ni yetu, ya udongo wetu.

Nawashukuru walioitambua. Mtu akikuzimia moto humuulizi ametoka kijiji gani. Lakini moto ulizimwa zamani, na mpaka leo ndoo ni za kuazima. Sampuli zetu zina pasipoti. Mahindi yamesafiri, damu imesafiri. Mtoto wa Mutomo aliyepata alama ya A katika biolojia yuko kituoni Kitui, akitafuta nauli ya kwenda kufundisha shule ya watu binafsi kwa mshahara wa kununulia unga.

Anachokosa ni ufadhili wa uzamivu, yaani wa shahada ya PhD. Tuseme wazi ufadhili huo ni kitu gani, maana wengi hudhani ni karo tu. Ni karo, ndiyo, na posho ya kila mwezi, na pesa za maabara, na msimamizi anayekusoma kila sura, na miaka minne hivi ya kukaa na swali moja bila kuulizwa kodi ya nyumba. Juu ya hayo yote, ni mamlaka ya kuchagua swali lenyewe. Anayeshika ufadhili ndiye anayeamua ni nini kitachunguzwa na nini kitapuuzwa. Hapo ndipo tunaponyang'anywa, na hapo ndipo hatupigi kelele.

Mnataka mfano? Chukueni muthokoi. Hakuna boma la Mkamba lisilojua kukoboa mahindi, kuondoa ganda na kiini, kisha kuyapika na maharagwe. Mwaka 2008 watafiti Wakenya walichapisha matokeo ya swali ambalo mtu asiyekula muthokoi asingelifikiria: je, sumu huenda wapi mahindi yakikobolewa? Jibu lilikuwa kwamba kukoboa peke yake hupunguza aflatoksini kwa karibu nusu. Karibu nusu, kwa kinu na mchi wa bibi! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sufuria usiyoila huwezi kuiuliza swali.

Na maswali yamebaki tele. Sayansi ya jenomu imejua tangu 1991 kwamba aflatoksini huacha alama yake ndani ya saratani ya ini, kwenye jeni iitwayo TP53, mahali panapoitwa kodoni ya 249. Ni kama mwizi anayeacha alama ya kidole chake kwenye kioo. Uchunguzi wa 2004 nao ulionyesha kuwa waliougua walikuwa na maambukizi ya homa ya ini aina ya B zaidi ya majirani zao waliobaki wazima. Basi watoto waliokula ugali ule wakapona leo ni watu wazima, wana watoto wao. Maini yao yakoje? Nani anayasoma? Hilo ni swali la uzamivu ambalo kijana wa Kibwezi angeamka nalo kila asubuhi, kwa sababu jirani yake ni mmoja wao.

Najua nitakavyojibiwa nikitaka uzamivu wa namna hiyo ufanyike huku kwetu. Mashine za kusoma jenomu ni ghali. Umeme hukatika. Wanafunzi wa kutosha hawapo huko kwenye jua kali. Majibu hayo nimeyachoka, na dawa yake ni jina moja: Kilifi. Mwaka 1989 KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, ilipoanza kazi na mfuko wa Uingereza wa Wellcome Trust pale, Kilifi ilikuwa mji mdogo wa pwani wenye hospitali ya wilaya na minazi. Leo wanafunzi wa uzamivu hulelewa pale pale, na Covid ilipoingia mwaka 2020, jenomu za virusi vya pwani zilisomwa Kilifi, hazikungoja ndege. Fedha za mafunzo ya namna hii nazo zimewahi kupatikana: mradi wa H3Africa ulizinduliwa kwa ajili ya jenomu za Waafrika, na mpango wa DELTAS Africa ukaanza 2015 mahususi kulea watafiti barani humu. Ikiwa Kilifi iliweza, Kwa Vonza, huku Kitui, ina mkosi gani? Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kimesimama pale na hati kamili tangu 2013. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua.

Na sasa niwageukie wetu, maana kumlaumu mgeni peke yake ni uvivu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliagiza Hazina itoe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka kwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Fedha hizo hazijawahi kufika kiwango hicho. Bunge liliipitisha sheria hiyo, na Bunge hilo hilo huisahau kila bajeti. Kaunti nazo zina basari: hundi kubwa kama mlango, picha mbele ya hema, kisha shilingi zinagawanywa nyembamba hadi hazimfikishi mtu popote. Makueni ilithubutu kuanzisha mpango wake wa afya kwa wote mwaka 2016, nchi ikashangaa. Kaunti iliyothubutu hivyo inashindwaje kumlipia mtu mmoja uzamivu kila mwaka?

Sisemi Mkamba pekee ndiye anayefaa kuchunguza ini la Mkamba. Huo ungekuwa ukabila wenye koti jeupe. Nasema hivi: mradi wowote wa uzamivu utakaochukua damu, mate au mahindi Kitui na Makueni utenge nafasi ya mwanafunzi aliyelelewa huku. Sehemu ya sampuli ibaki nchini. Matokeo yarudi barazani, yasomwe kwa Kikamba, kabla ya kusomwa kwenye kongamano la ng'ambo. Mradi usiokubali hayo, NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, isiupe kibali.

Kuvu yenyewe imetufundisha. Dawa ya shambani iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015, Aflasafe KE01, imetengenezwa kwa kuvu wanne wasio na sumu waliookotwa katika udongo wa Kenya, wanaoenea shambani na kuwasukuma pembeni wale wenye sumu. Wanasayansi walielewa kwamba kuvu wa hapa hushindwa na kuvu wa hapa. Walioelewa hivyo kuhusu ukungu wameshindwa kuelewa kuhusu watu.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mwingi, dada yangu wa Wote, siku watakapokuja tena na koti, sindano na fomu ya ridhaa, wapokeeni kwa heshima, wapeni kiti na uji. Kisha, kabla hamjanyoosha mkono, ulizeni: mwanafunzi wenu wa uzamivu ni mtoto wa nani? Wakikosa jibu, vuteni mkono wenu.