Kabla Hujanunua Kamera Nyingine

Mwezi huu nataka tuongelee kamera. Usifunue ukurasa ukidhani haya ni mambo ya mafundi. Kamera imewahi kunikosanisha na mke wangu, na nikikusimulia utaona kosa lilikuwa la nani.

Mimi ni mpiga picha wa kujifurahisha. Sina studio, sichukui tenda za harusi. Nina kazi yangu ya ofisini, ila Jumamosi nikiamka tu kamera iko shingoni. Binti yetu alipotimiza miaka mitatu nilipiga picha kama 200 pale sebuleni, jioni, chini ya taa moja ya dari. Nilipozifungua kwenye kompyuta nilitamani kulia. Mtoto anakata keki, uso umevurugika. Bibi yake anamlisha, mkono umekuwa kama moshi. Nikajiambia, kamera hii imechoka.

Basi bwana, si unajua mtu akishataka kitu sababu hazikosekani! Sisi kodi ya nyumba tunailipa miezi sita kwa mkupuo, na tulikuwa tumeshaanza kuiweka kidogokidogo. Nikachota nusu yake kimyakimya. Nikanunua bodi mpya, bila lenzi, yenye megapikseli mara mbili ya ile ya zamani. Nyumbani nikasema nimeazimwa na rafiki yangu wa kazini.

Wiki tatu baadaye shemeji yangu akafanyiwa kisherehe hapohapo sebuleni, chini ya taa ileile. Kamera mpya, lenzi ya zamani. Picha? Mvurugiko uleule! Nikiwa nimekaa nazitazama kwa uchungu, mke wangu akaja nyuma yangu, akainama, akauliza: "Mume wangu, mbona pazia limetoka safi, ila watu ndio wamevurugika?"

Jamani, swali lile lilikuwa na thamani kuliko bodi niliyonunua.

Pazia halidanganyi

Picha ikiharibika, kabla hujaitukana kamera, ikuze kwenye kompyuta uitazame vizuri. Kila aina ya mvurugiko ina mwenyewe.

Ukiona kila kitu kimevurugika, ukuta, viti, watu na pazia, na vyote vimevutika kuelekea upande mmoja, basi mkono wako ndio uliotikisika. Ukiona ukuta na pazia viko safi lakini watu wamevurugika, watu walisogea wakati shata iko wazi. Ukiona mtu amefifia ila kabati lililo nyuma yake limetoka vizuri, fokasi iliangukia kabatini. Na ukiona hakuna hata sehemu moja iliyotoka safi, picha nzima ina ukungukungu, hapo ndipo uanze kuishuku lenzi.

Ugonjwa wangu ulikuwa ule wa pili. Sebule jioni, hata kama macho yako yanaona kuna mwanga, kwa kamera ni giza. Ukiiacha ijiamulie, inafungua shata muda mrefu ili ikusanye mwanga, pengine sehemu ya 1/15 ya sekunde. Kwa muda huo mtoto wa miaka mitatu ameshageuka na kurudi. Pazia haliendi popote, ndiyo maana limetoka safi.

Dawa yake haina gharama. Weka kamera kwenye S au Tv, yaani wewe ndiye unayechagua spidi ya shata. Kwa watu waliokaa anza na 1/125. Kwa wanaocheza muziki nenda 1/250. Kwa watoto wanaokimbia panda hadi 1/500. Picha ikitoka nyeusi, pandisha ISO, 1600 au 3200. Ndiyo, utaona chengachenga kidogo. Lakini picha yenye chenga na uso unaotambulika ni bora mara mia kuliko picha laini ya mtu asiyejulikana ni nani.

Na tatizo la mkono kutikisika? Kanuni ya wazee wa picha ni kwamba spidi isiwe chini ya moja kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 50, usishuke chini ya 1/50. Ya milimita 200, usishuke chini ya 1/200. Kama kamera yako ni ya sensa ndogo, ongeza kidogo juu ya hapo.

Hela iende wapi?

Tuseme umeshajaribu yote hayo na bado mwanga hautoshi. Hela yako iende kwenye lenzi kwanza. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera, zile za milimita 18 hadi 55, ukivuta zumu hadi mwisho tundu lake haliwezi kuzidi f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya hapo, na kwa kawaida ile ya milimita 50 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu katika kila kampuni.

Ila usikimbilie hiyo 50 kabla hujapima sebule yako. Kwenye kamera nyingi za kuanzia sensa ni ndogo, kwa hiyo 50 inaona kama 75 kwenye Nikon, au kama 80 kwenye Canon. Kwenye chumba kidogo utajikuta umebandika mgongo ukutani na bado watu wawili hawaenei. Kwa sebule zetu hizi, milimita 35 inakaa vizuri zaidi.

Angalizo lingine kwa wanaonunua mitumba. Bodi za Nikon za kuanzia, tangu D40 ya mwaka 2006 na ndugu zake wa D3000 na D5000, hazina mota ya fokasi ndani. Ukinunua lenzi ya zamani iliyoandikwa AF tu, itaingia vizuri, ila utazungusha fokasi kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S au AF-P, na hiyo AF-P ulizia kwanza kama bodi yako inaikubali, maana baadhi ya bodi za zamani haziipokei. Kwa Canon za kioo, lenzi za EF zinafanya kazi kwenye bodi zote za EOS za dijitali zenye kioo, lakini zile za EF-S haziingii kwenye bodi za sensa kubwa. Siku hizi kampuni kubwa zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani, na hizo zina mdomo wake wa lenzi. Lenzi yako ya zamani itahitaji adapta, kwa hiyo ihesabu bei ya adapta kabla hujasema umepata cha bure.

Na megapikseli? Kamera ya kwanza ya kidijitali, aliyoitengeneza Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975, ilikuwa na megapikseli 0.01 na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja. Tumetoka mbali, wala huna haja ya kuhangaika. Picha ya albamu, sentimita 10 kwa 15, inahitaji kama megapikseli mbili kusafishwa vizuri. Ya ukubwa wa karatasi ya A4 inahitaji kama tisa. Bodi yangu ya zamani ilikuwa nazo na chenji ikabaki.

Kamera ikigoma kabisa

Kuna siku unaiwasha na inakuandikia kosa, au inakataa kabisa. Usiifungue kwa bisibisi! Fuata sheria moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Zima, toa betri, subiri dakika moja, rudisha. Bado? Weka betri nyingine. Bado? Weka kadi nyingine. Bado? Toa lenzi, futa zile alama za shaba kwa kitambaa kikavu kisafi, irudishe mpaka usikie "kla". Bado? Jaribu lenzi ya rafiki. Ukibadilisha vyote kwa pamoja, hata ikipona hutajua kilichokuwa kinaumwa ni nini.

Kadi nazo zina vituko vyake. Mtaani kuna kadi feki zilizoandikwa ukubwa ambao hazina. Zinapokea picha, zikijaa zinaanza kufuta za mwanzo au kuziharibu. Ukinunua kadi mpya ijaze yote nyumbani, uzifungue picha zote, kabla hujaenda nayo kwenye kipaimara cha mtu. Na kama una kamera kuukuu sana, jua kwamba kadi za SD za kawaida ziliishia GB 2, zilizofuata zikaishia GB 32, na bodi nyingine za zamani hazisomi hizo za baadaye. Picha zikifutika kwa bahati mbaya, acha kupiga palepale na uitoe kadi. Mara nyingi bado zimo, na programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuzirudisha, mradi hujapiga nyingine juu yake.

Kwa sisi tunaokaa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, adui mkubwa ni unyevu. Lenzi ikilala kabatini kwenye begi la ngozi mwaka mzima, inaota kuvu. Zima taa, mulika tochi upande mmoja wa lenzi, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, mpelekee fundi mapema. Kinga ni kopo la plastiki linalofunga vizuri na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vikichoka unabadilisha. Na ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa, la sivyo kioo kitatoka jasho.

Tochi hiyohiyo nenda nayo ukinunua mtumba, pamoja na kadi yako mwenyewe. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone kama sensa ina madoa. Uliza shata imeshapiga mara ngapi, maana bodi nyingi za kuanzia zimepimwa kwa takribani mara 100,000. Muuzaji akikukatalia kujaribu, muage kwa heshima.

Turudi nyumbani

Nilipomaliza kumweleza mke wangu habari ya pazia na shata, nikaona niseme na lile lingine. Nikamwambia, kamera hii si ya kuazima. Akanitazama. "Najua. Mkanda wake ulikuwa bado unanukia duka."

Alikuwa amejua wiki tatu nzima! Hakupiga kelele. Alisema hela ingeweza kurudi, lakini kilichomuuma ni kwamba nilimfanya asikilize hadithi ya rafiki ambaye hayupo. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Picha zako ninazo nyingi sana humu ndani. Miaka mitatu, hakuna hata moja wewe ukiwa na mtoto."

Nikatafuta folda zote usiku ule. Kweli, hakuna.

Ile bodi niliiuza kwa hasara, na kodi niliijazia kwa kujinyima miezi miwili chakula cha mchana cha mgahawani. Tukakubaliana kiasi ambacho, kikizidi hapo, hakuna anayenunua bila kumwambia mwenzake, iwe kamera, iwe wigi, iwe rimu za gari. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa ukiwa na risiti umeificha kwenye soksi, itoe leo. Mwenzako akiijua kabla hujasema, utalipa mara mbili.

Jumapili iliyofuata nilimwekea mke wangu kamera ya zamani kwenye 1/250 na ISO 1600, nikamkabidhi, nikakaa chini na binti yangu kumenya machungwa. Akapiga kumi na mbili. Nyingi zimekatwa utosi. Moja imepinda, pazia lote liko upande mmoja kama linataka kuanguka, ila mimi na mtoto tunacheka na nyuso zetu zinaonekana. Hiyo ndiyo iliyosafishwa, iko ukutani, na sijaruhusiwa kuinyoosha.

Hadi mwezi ujao, pendaneni, na leo jioni mwachie mwenzako naye ashike kamera.