KARATASI YA KAZI NI MALI YA MFANYAKAZI



Katika ofisi na karakana za reli wako sasa wenzetu ambao hawashiki spana wala bendera. Kazi yao ni kompyuta. Wanatunza mitambo ya tikiti, mtandao wa stesheni, na hesabu za mishahara yetu. Lakini wengi wao si watu wa kudumu. Hupewa kandarasi ya miezi mitatu au sita, na siku ikitimia huambiwa kwaheri, wakaanza tena kubisha mlango kwa mlango.

Wako wanachama wanaosema, "Hao si wa chama, ni watu wa kandarasi, wajitafutie." Mimi naona maneno hayo yana hasara kwetu sote. Mtu mwenye njaa hukubali bei yoyote, na bei hiyo ndiyo atakayotuonyesha tajiri siku ya kuzungumza mishahara. Kwa hiyo namna wanavyotafuta kazi ni shauri la chama. Leo nataka kusema juu ya karatasi yao ya kazi, ile inayoitwa wasifu, ambayo wao huiita sivii.

Mimi ni mtu wa reli mwenye elimu ya shule ya msingi ya misheni. Kuandika programu sijui. Lakini kusoma karatasi ya kazi najua, na vijana kadhaa wameniletea zao nizitazame. Nyingi zina ugonjwa mmoja: zinaeleza mtu alisoma wapi na alikaa wapi, hazielezi alifanya nini.

Karatasi si jambo dogo katika nchi hii. Neno kibarua maana yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku ili apate malipo yake. Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kukichukua kila aendako, ndani ya mkebe wa chuma ulioning'inia shingoni. Tajiri aliandika humo siku ya kuanza kazi, siku ya kuacha, na mshahara. Tajiri mpya akisoma mshahara wa zamani, ilikuwa vigumu kumdai zaidi. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walisimama kupinga kipande na kupunguzwa kwa mishahara, naye akakamatwa mwezi wa Machi 1922.

Basi tazameni tofauti. Kipande kiliandikwa na tajiri. Wasifu unaandikwa na mfanyakazi mwenyewe. Hiyo ni nafasi kubwa, na haifai kuitupa kwa kuandika ovyo au kunakili karatasi ya rafiki.

Kwanza, andika kazi uliyofanya, tena kwa hesabu. Mtu akiandika, "Nilihusika na mambo ya mtandao," hajasema kitu. Aandike hivi: "Nilibadilisha nyaya na vifaa vya mtandao katika ofisi 4 zenye kompyuta 60, kwa wiki 5, bila ofisi kufungwa." Hapo msomaji anaona fundi. Kwa kila kandarasi sema mambo matatu: ulikuta nini, ulifanya nini, na kitu gani kilibadilika ulipoondoka.

Pili, anza na kazi ya karibuni, kisha rudi nyuma. Taja mwezi na mwaka. Kurasa mbili zatosha kwa mtu wa kandarasi. Kazi za miaka mingi iliyopita zipe mstari mmoja mmoja.

Tatu, usiache kandarasi fupi zionekane kama utoro. Mtu aliyefanya kazi mahali patano katika miaka miwili anaweza kudhaniwa hatulii, kumbe kila kazi aliimaliza. Ziweke pamoja chini ya kichwa kimoja cha kazi za kandarasi, na mbele ya kila moja andika: "miezi 6, imekamilika." Kama kandarasi iliongezwa muda, sema hivyo, maana hakuna sifa kubwa kuliko kuitwa tena. Miezi uliyokaa bila kazi usiifiche. Kama ulijifunza jambo au ulimwuguza mzazi, andika mstari mmoja, yatosha.

Nne, linganisha karatasi na tangazo la kazi. Waajiri wengi wakubwa siku hizi hutumia programu ya kompyuta kuchambua maombi kabla ya mtu kuyasoma. Programu hiyo hutafuta maneno ya tangazo. Kama wanataka mtu wa seva za Linux, na kazi hiyo umeifanya, liandike neno hilo hilo. Usiweke maneno ndani ya picha au katika visanduku vya mapambo, kwa sababu mashine inaweza kuyakosa. Lakini usiandike usichokijua. Cheti cha uongo ni jinai, nawe utaulizwa mbele ya mafundi.

Tano, yako mambo yasiyofaa kuwekwa humo. Usiandike mshahara wako wa zamani, maana huko ni kujifunga kipande shingoni kwa mkono wako mwenyewe. Usiandike kabila, dini, wala kama umeoa au umeolewa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi kwa mambo hayo, basi kwa nini umpe mtu nafasi? Namba ya kitambulisho pia ngoja mpaka kazi ipatikane. Na kama unaonyesha kazi zako kwenye intaneti, onyesha zilizo zako. Siri na maneno ya kufungulia mitambo ya tajiri wa zamani si sampuli ya kazi.

Sasa kutafuta kwenyewe. Wengi huanza kutafuta siku kandarasi inapokwisha. Huko ni kuchimba kisima wakati kiu imekwisha kukushika. Anza miezi miwili kabla. Waandikie wasimamizi uliofanya nao kazi vizuri, uwaambie tarehe utakayokuwa huru. Hao wameiona kazi yako, nao husikia habari za kazi kabla ya gazeti na kabla ya mtandao. Kabla ya kumtaja mtu kama shahidi wako, mwombe ruhusa, kisha mpelekee wasifu wako ili asije akasema mengine.

Weka daftari. Andika tarehe, jina la kampuni, nani ulimwandikia, na karatasi ipi ulimpa. Baada ya wiki moja ulizia kwa adabu. Asiye na daftari hupeleka maombi mawili mahali pamoja, na akipigiwa simu hajui anazungumza na nani.

Jihadhari na wanaouza kazi. Mtu akitaka pesa za "fomu" au za "mafunzo" kabla ya kukupa kazi, mwache. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ina orodha ya mawakala walioandikishwa. Tazama orodha hiyo kwanza.

Nimeona vijana wakipoteza zaidi katika jambo la bei. Mtu husema, "Wa kudumu hulipwa Sh. 60,000 kwa mwezi, nami nitagawa kwa siku za kazi." Tufanye hesabu. Mwaka una siku 365. Toa Jumamosi na Jumapili 104, zabaki 261. Mshahara wa mwaka ni Sh. 720,000. Ukigawa kwa 261, ni kama Sh. 2,760 kwa siku. Lakini wa kudumu hulipwa siku za likizo, za kuugua na za sikukuu, wewe hulipwi. Toa sikukuu 12, likizo 21, kuugua 7, na siku 40 za kutafuta kazi nyingine. Zabaki 181. Sasa gawa: ni karibu Sh. 4,000 kwa siku. Na hapo hujahesabu kompyuta yako, intaneti, wala akiba ya uzee. Anayekubali Sh. 2,760 amemsaidia tajiri kwa likizo yake mwenyewe.

Tena fahamuni sheria. Mkataba wa ajira wa miezi mitatu au zaidi lazima uwe kwa maandishi. Aliyeajiriwa kwa wiki nne mfululizo au zaidi ana haki ya kupewa cheti cha kazi anapoondoka, chenye jina la mwajiri, aina ya kazi, siku ya kuanza na siku ya kuacha. Sheria haimlazimishi mwajiri kukusifu, lakini cheti lazima atoe. Lakini mtu aliyepatana kama mwenye biashara yake, anayeleta hati ya malipo na kulipwa, hayumo katika haki hiyo. Huyo na aandike katika mapatano, kabla hajagusa kompyuta, kwamba kazi ikimalizika atapewa barua ya kukamilisha. Na kama unapangiwa saa za kazi, unatumia vifaa vya tajiri na kulipwa kila mwezi, mwulize katibu wa tawi. Huenda wewe ni mwajiriwa hata kama karatasi inasema vingine.

Wengine watasema chama ni cha kudai pamoja, si cha kumtengenezea kila mtu karatasi yake. Naelewa hofu hiyo. Kama tukiwafundisha tu kushindana wao kwa wao, tumewapoteza. Lakini anayejua thamani ya kazi yake ndiye awezaye kukataa bei mbaya, na wakikataa wengi, hapo ndipo chama kinapoanza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama. Haikusema kila mfanyakazi wa kudumu.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Moja, kila tawi liweke meza Jumamosi moja ya kila mwezi, wanachama wawili wasome wasifu wa watu wa kandarasi na kuwasahihisha bila malipo. Mbili, tawi liandike orodha ya bei za siku zilizolipwa kweli kwa kila kazi, bila majina ya watu, ili asiyejua aulize kabla ya kutaja bei. Tatu, sisi wa kudumu tukisikia kazi imefunguliwa idarani mwetu, tulete habari kwenye meza hiyo badala ya kumnong'onezea mpwa peke yake.

Gharama yake ni meza moja, viti vitatu na saa chache za Jumamosi. Nawaomba makatibu walete shauri hili katika mkutano ujao wa matawi, na wenzetu wa kompyuta waje wenyewe waseme. Wasiseme wao hatukuwaita.

Wenu katika chama,
Mfanyakazi wa Reli