Skrubu Isiyojibu: Kabureta ya Land Rover Kuukuu katika Somo la Sayansi

Mjadala juu ya kazi za mikono shuleni ni wa siku nyingi katika vyuo vya ualimu. Wapo wasemao kwamba mwanafunzi akishika jembe au nyundo amekwisha kupata elimu ya kazi; na wapo wasemao kwamba kazi hizo humpotezea muda wa kujiandaa kwa mtihani. Maoni yetu ni kwamba pande zote mbili hukosea katika jambo moja: huitenga kazi na sababu yake. Kazi isiyofundishwa pamoja na sababu zake ni kukariri kwa namna nyingine, hata kama mikono imechafuka. Hilo tutalieleza kwa kifaa kimoja kidogo, nacho ni kabureta ya Land Rover kuukuu.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na kwa miaka mingi ilikuwa gari la mabwana shamba, waganga, wakaguzi wa shule na misheni katika nchi zetu. Injini yake ya petroli iliyoenea zaidi, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, ilianza kutumika mwaka 1958. Mwanzoni ilifungwa kabureta aina ya Solex, na baadaye katika miaka ya 1960 ikafungwa Zenith. Kabureta hizo zina umbo linaloeleweka. Mtoto wa Darasa la Sita aweza kuifungua kwa bisibisi na spana mbili tatu, akaona kila njia ambayo petroli na hewa hupita.

Kwanza mwalimu mwenyewe aelewe kifaa hicho hufanya nini. Petroli ya maji maji haiwaki vema ndani ya silinda. Hapana budi ipasuliwe kuwa matone madogo mno na kuchanganywa na hewa. Pistoni inaposhuka huvuta hewa kupitia koo la kabureta. Koo hilo ni jembamba katikati, na hewa ipitapo mahali pembamba huongeza mwendo, na kanieneo yake hupungua. Petroli iliyomo katika kibakuli cha pembeni husukumwa na kanieneo ya hewa ya kawaida, ikapanda katika kijitundu cha shaba kiitwacho jeti, ikamwagika ndani ya mkondo wa hewa. Boya lililomo katika kibakuli huinuka na kufunga sindano ya kuingizia petroli wakati kiasi kimetosha, kama lifanyavyo boya katika tangi la maji. Huo ndio msingi wa mambo yote. Skrubu na nyenzo nyingine huongeza au hupunguza tu.

Mtu asiyeujua msingi huo huutendea kazi upofu. Mwanagenzi katika gereji huambiwa: “Funga skrubu ya mchanganyiko mpaka mwisho, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu.” Hukariri. Injini ikitulia, husifiwa. Isipotulia, huzungusha tena, na tena, kisha hulaumu kabureta, kisha hulaumu petroli. Hajui kwamba skrubu ile ni swali aliloiuliza injini, na kwamba kukosa jibu nako ni jibu.

Chukueni mfano wa Zenith. Kati ya kifuniko chake cha juu na kiwiliwili kuna ringi ya mpira, na nyuso za aloi zinazopaswa kukutana bapa. Baada ya miaka mingi ya joto na kukazwa kupita kiasi, ringi hunyauka na uso hupindika. Hapo petroli hupenya mahali isipotakiwa, wala haipiti tena chini ya ulinzi wa skrubu. Injini hutetemeka isipokanyagwa mafuta, moshi mweusi hutoka, na skrubu ya mchanganyiko ikizungushwa ndani au nje, mlio haubadiliki. Fundi aliyekariri ataendelea kuzungusha. Fundi aelewaye ataacha mara moja, kwa kuwa skrubu isiyojibu inamwambia kwamba kosa liko kwingine. Atafungua kifuniko, ataweka ringi mpya, na atausugua uso uliopinda juu ya msasa laini uliotandikwa kwenye kioo bapa mpaka unyooke. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini ufa huzibwa na yule aliyeuona.

Kwa sababu hiyo fundi mwema haanzi na kabureta hata kidogo. Makosa mengi yanayosemwa kuwa ya kabureta hutoka katika umeme au katika valvu. Kwa injini hiyo tuliyoitaja, huanza na nafasi za tapeti, milimita 0.25, kisha nafasi ya pointi za distribyuta, milimita 0.35 hadi 0.40, kisha plagi, milimita 0.75 hadi 0.80; kisha wakati wa kupiga cheche. Baadaye hutazama kama hewa inavuja katika gasketi chini ya kabureta. Hayo yote yakiwa sawa, na injini ikiwa imekwisha kupata moto, ndipo hushika skrubu. Huifungua polepole mpaka injini ianze kuyumba kwa mchanganyiko mzito, huifunga mpaka ianze kufifia kwa mchanganyiko mwepesi, kisha huiacha katikati, pale inapozunguka kwa wepesi na utulivu. Mwisho hupunguza mwendo kwa skrubu ya pili. Katika kazi yote hiyo hubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Akibadili mawili, injini ikapona, hatajua ni lipi lililoiponya.

Ndugu wanachuo, utaratibu huo ndio sayansi yenyewe: kuchunguza, kukisia, kujaribu, kusikiliza jibu. Twaufundisha ubaoni kwa maneno makubwa, na wanafunzi huyaandika bila kuyaonja. Twapendekeza basi kwamba kabureta iliyokwisha kutupwa iletwe darasani, na ifundishwe kwa namna ifuatayo.

Kabureta iwe kavu kabisa, iliyooshwa na kuanikwa juani siku nyingi. Petroli isiingie darasani kamwe. Mahali pa petroli tumieni maji. Wanafunzi wagawanywe makundi ya watu sita au saba, na kila kifaa kitolewacho kiwekwe juu ya kitambaa cheupe kwa mfuatano wa kutolewa, na kuchorwa daftarini kabla ya kingine kufunguliwa. Jeti zisichokolewe kwa waya, kwa kuwa tundu likipanuka hata kidogo kipimo kimeharibika. Zipulizwe kwa pampu ya baiskeli. Mtoto asipulize kwa mdomo, wala asizoezwe kunyonya petroli kwa mpira, desturi mbaya iliyodhuru vijana wengi. Kuonyesha jinsi kioevu kinavyovutwa na kupasuliwa, simamisheni mrija ndani ya glasi ya maji, na kwa mrija wa pili pulizeni hewa juu ya ncha ya ule wa kwanza. Maji yatapanda na kutawanyika. Muhimu kuliko yote, kabla ya kila jaribio mwanafunzi aseme anatazamia kuona nini, na kwa nini. Mtoto aliyekisia hutazama kwa macho mengine.

Hesabu nazo zimo. Sehemu moja ya petroli kwa uzito huhitaji karibu sehemu 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.75, nayo huhitaji kilo 11 za hewa. Na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani ina uzito wa karibu kilo 1.2, lita hiyo humeza mita za ujazo zipatazo 9. Wanafunzi na wapime darasa lao. Likiwa na urefu wa mita 9, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3, hewa yake yote hutosha lita 21 tu za petroli. Nayo jiografia imo: gari lililorekebishwa Dar es Salaam likipanda hadi Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hukuta hewa iliyo nyepesi zaidi, mchanganyiko ukawa mzito, na plagi zikaota masizi.

Yamkini msomaji atauliza: ya nini kufundisha kifaa ambacho magari mapya hayanacho? Ni kweli, siku hizi injini za magari hupewa petroli kwa mitambo iendeshwayo na umeme. Lakini mitambo hiyo imefungwa, jicho halioni ndani yake. Kabureta twaifundisha kwa sababu inafunguka, na kwa sababu uwiano wa hewa na petroli haukubadilika. Wengine watasema mwalimu wa shule ya msingi si fundi. Hatakiwi kuwa fundi. Atakiwa kujua sababu za mambo matano au sita, na kumwalika fundi wa jirani aje kuonyesha mengine. Fundi huyo naye aulizwe “kwa nini” mbele ya watoto, kwa adabu, mpaka kila hatua iwe na sababu yake.

Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shule imwandae kijana kwa maisha atakayoishi, naye awe na akili ya kudadisi. Wengi wa watoto mtakaowafundisha wataingia katika gereji, mashine za kusaga, pampu za maji na pikipiki. Huko watakuta watu wa kuwaambia zungusha hapa, kaza pale. Asiyepata mazoea ya kuuliza sababu katika shule ya msingi atakuwa mtumwa wa maagizo maisha yake yote, na mteja wake atalipia ujinga huo kwa petroli.

Neno la mwisho ni kwenu wenyewe mnaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Mtakuta mwanafunzi ambaye swali lilelile, likirudiwa mara tatu, halimtoi jibu. Msipandishe sauti wala msichukue fimbo. Huko ni kuzungusha skrubu isiyojibu. Rudini nyuma kwa utaratibu: je, anaona ubao? amekula? anaijua hesabu ya mwaka jana ambayo somo hili limejengwa juu yake? Chunguzeni moja baada ya jingine, mkibadili jambo moja kwa wakati mmoja, na andikeni mliyoyaona katika daftari la maandalio, ili mwalimu atakayewafuata asianze upya.