Chungu mkubwa kama lori, na hofu tunayoinunua wenyewe



Ewe mzazi mwenzangu wa Chake Chake, juzi mwanafunzi wangu wa chuoni, mtoto wa miaka 7, kakataa kutoka baada ya Magharibi. Anaogopa buibui. Si huyu wa darini, la. Yule wa kwenye simu, mkubwa kama nyumba, anayekula watu. Ikabidi nimshike mkono nimpeleke kwao.

Baba yake kanambia, "Shekhe, mchezo tu ule, hata kipofu anajua ni uongo."

Ni uongo, naam, tena wa zamani. Mwaka 1954 Wamarekani walitoa filamu ya Them!, chungu waliokuzwa na majaribio ya bomu la atomiki. Mwaka 1957 Bert I. Gordon akatoa Beginning of the End, na kwa uchache wa fedha akawatembeza panzi wa kawaida juu ya picha za majengo ya Chicago. Panzi juu ya picha! Nilicheka, sikatai. Mdudu hana mapafu, anavuta hewa kwa vitundu vya ubavuni. Akiwa mkubwa kama lori pumzi haimfikii. Mola kampimia kimo chake. Lakini nani kamwambia mtoto haya?

Na sisi Wapemba ndio wa kuchezea hofu? Umesahau 1995? Popobawa! Watu wazima na ndevu zao walilala nje, kundi zima, moto unawaka. Hofu ikavuka bahari hadi Unguja, na huko mgonjwa wa akili akauliwa na watu wakidhani ndiye. Hakuwa jini yule, alikuwa mja wa Allah.

Mtoto huyo huyo anaisoma Surat An-Naml. Humo chungu ndiye anayeogopa kukanyagwa, anawahimiza wenziwe waingie majumbani mwao, na Nabii Sulayman anatabasamu. Umemfundisha maana yake, au umemwachia flashi imfundishe kinyume?

Mchuma karafuu yeyote anajua majimoto wanavyouma, na bado anapanda mkarafuu. Mdudu wa kuogopwa ni mbu. Nilipofika kwa yule mtoto nikakuta chandarua chake kipo uani, kimefunikiwa vifaranga.

Basi leo usiku kaa na mwanao, mwonyeshe hao panzi wanavyotambaa juu ya picha, kisha ifute filamu. Na chandarua kirudishe kitandani.

Wabillahi tawfiq.