AFYA YA JAMAA: Muuguzi mpya ananona. Tufurahi ao tujiulize?



Katika miji yetu ya migodi, toka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, ni furaha kubwa mtoto akimaliza masomo ya ITM ao ISTM na kuanza kazi ya uuguzi. Kiisha miezi sita ao mwaka, nguo zake zinaanza kumbana. Majirani wanamsifu: "Eh, mama! Sasa unanona! Kazi inakupenda!" Kwetu mwili mnene unahesabiwa kuwa alama ya feza na amani. Mwembamba ndiye anayeulizwa kama ni mgonjwa.

Mwezi huu tuangalie jambo hili kwa makini. Mara nyingine mwili hauongezeki juu ya raha, unaongezeka juu ya uchovu na mawazo. Kijana anasifiwa barabarani, kumbe chumbani analia.

Juu ya nini kazi mpya inalemea?

Shuleni mwanafunzi anafundishwa kufanya kila kitu kwa utaratibu. Kazini anakuta wagonjwa wengi, muuguzi mmoja, glavu zimekwisha, na mgonjwa hana feza ya kununua serum. Mtoto anafariki mbele yake saa nane ya usiku, na saa tisa anapaswa kumpiga mwingine sindano kama vile hakuna kilichotokea. Mwaka 1974, Marlene Kramer wa Marekani aliandika kitabu kizima juu ya mshtuko huo unaowapata wauguzi wapya wakitoka shuleni. Si uvivu, wala si ukosefu wa imani.

Kwetu kuna mzigo mwingine. Wauguzi wengi wanatumika miaka bila kuingia katika mshahara wa Serikali. Wanangoja prime ndogo, nayo inachelewa. Lakini nyumbani wadogo wanamwambia: "Yaya, si weye unafanya kazi? Lipa minervali." Anaona haya kusema kwamba hana kitu.

Namna gani uchovu unaleta kilo?

Mungu ameweka saa ndani ya mwili wa mtu. Wataalamu watatu Wamarekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha namna saa hiyo inavyofanya kazi. Usiku mwili unajitayarisha kulala, hautumii sukari vizuri kama mchana. Tena asiyelala vya kutosha anasikia njaa zaidi, na njaa hiyo inatamani sukari na mafuta.

Sasa angalia chakula cha garde ya usiku: mikate ya mafuta, chai yenye sukari nyingi, na chupa ya sukre ili macho yasifunge. Chupa moja ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, ni kusema vijiko vidogo 8 ao 9. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isipite karibu gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima. Chupa mbili zimekwisha kupita mpaka. Asubuhi anafika nyumbani, anakula bukari nzito na sombe yenye mafuta, kiisha analala.

Huko Marekani walifuata wauguzi wanawake zaidi ya 170 000 kwa miaka mingi. Habari iliyotolewa mwaka 2011 ilionyesha kwamba waliofanya kazi za usiku za kupokezana kwa miaka mingi walipata ugonjwa wa sukari (diabète) kuliko wengine, na sehemu ya sababu ilikuwa kuongezeka uzito.

Ujipime. Chukua kilo zako, ugawanye kwa urefu wako wa metre, kiisha ugawanye tena kwa urefu ule ule. Ukipata 25 na zaidi, uzito umepita. Ukipata 30 na zaidi, hatari ni kubwa. Kwa mfano, mwenye urefu wa metre 1,60 anafika 25 akiwa na kilo 64.

Tahadhari juu ya dawa

Kuna vijana wanaokunywa vidonge vya dexaméthasone ao cyproheptadine ili wanone na wapate umbo. Muuguzi anavipata kwa urahisi, na wadada wa mtaa wanamwomba. Usikubali! Dexaméthasone ikitumiwa muda mrefu inapandisha sukari na tension, inalegeza mifupa na kupunguza nguvu ya mwili kupigana na magonjwa. Aliyeizoea asiiache kwa ghafula. Amwone munganga, maana kuiacha mara moja kunaweza kuleta hatari. Hata dawa za kukondesha na za kuharisha si njia.

Tena, uzito ukiongezeka kwa haraka, miguu ikavimba, pumzi ikakata, ao siku za mwezi zikapotea, usiseme ni stress tu. Uende upimwe.

Jamaa ifanye nini?

Wazee wanakumbuka kambi za wafanyakazi. Baba akitoka kwenye poste ya usiku, mama aliwaambia watoto: "Mukacheze mbali, baba analala." Redio ilizimwa. Kila mtu alijua kwamba aliyechoka anaweza kupoteza mkono kwenye mashini.

Leo binti anatoka garde saa mbili ya asubuhi. Anapewa ndoo akachote maji. Kiisha afue, apike, amchunge mtoto wa dada yake. Saa kumi na mbili ya jioni anarudi kazini. Baba alipewa usingizi wake, binti ananyimwa, ijapokuwa mikononi mwake kuna maisha ya watu. Kipimo cha dawa kikikosewa, ni mgonjwa anayeumia, na pengine mgonjwa huyo ni ndugu yetu.

Basi wazazi, mumpe saa sita ao saba za kulala bila kumwamsha. Kazi za nyumba mzigawe, na kaka zake pia wachote maji.

Nawe kijana muuguzi:
– Kula chakula chako kikubwa mbele ya kwenda garde. Usiku beba karanga kidogo, ndizi ao yai, na maji ya kunywa.
– Asubuhi kula kidogo, kiisha funga dirisha kwa kitambaa kizito, ulale.
– Tembea kwa miguu. Dakika 150 kwa juma zinatosha kwa kuanza. Ni nusu saa, siku tano.
– Tafuta mkubwa mmoja kazini wa kumwambia yaliyokuumiza. Ukikosa usingizi hata siku ya mapumziko, ukilia bila sababu ao ukitamani kufa, usikae peke yako. Sema siku ile ile na mtu wa jamaa unayemwamini, na munganga.

Nanyi wakubwa wa hospitali, musiwabebeshe wapya garde zote za usiku na za siku kuu kwa sababu tu hawana wa kuwasemea.

Msomaji, asubuhi ukikutana na binti huyo njiani, usianze na habari ya unene wake. Umuulize: "Usiku ulikuwa namna gani? Umekula? Utalala?" Kama hajalala, umwachie njia afike kitandani.