Nyota Mpya na Miali Isiyoonekana

Vijana wetu wa hapa Ndanda wametuuliza: je, nyota ichomozayo ghafla mahali palipokuwa kiza ni dalili ya njaa, au ya kufa kwa mtu mkubwa? Neno hili wamelipata kwa watu wazima, na wako watoao fedha kwa waganga kwa khofu hiyo. Haitupasi kunyamaza.

Siku alipofariki Ibrahimu, mwana wa Mtume wetu (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume mwenyewe, naye yumo katika majonzi, aliikanusha kauli hiyo: jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Basi na nyota ni vivyo hivyo.

Tena hiyo iitwayo nova, yaani mpya kwa Kilatini, si mpya hata kidogo. Ni nyota kuukuu, ndogo lakini nzito mno, izungukanayo na mwenziwe. Humvuta mwenziwe hewa ya haidrojeni, ikajilimbikiza juu yake miaka na miaka, hata joto na mgandamizo vikizidi, hewa hiyo hulipuka. Nyota yenyewe haivunjiki. Huanza kulimbikiza tena.

Katika mlipuko huo hutangulia hewa iendayo polepole, kisha ikafuata ya kasi na kuigonga kwa nyuma. Mgongano huo hutia joto la mamilioni mengi ya digrii, na hapo huzaliwa eksirei kali, jamaa ya zile zipigazo picha ya mfupa hospitalini. Jicho halizioni, wala hazifiki ardhini, kwani anga letu huzizuia. Nayo ni rehema, maana hudhuru mwili.

Kwa hiyo vyombo vya kuzitazama hurushwa juu, wala msidhani elimu hii i mbali nasi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kukumbuka uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kwa kutafuta eksirei za mbinguni ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la lugha yetu: Uhuru. Orodha yake ilifikia vyanzo 339. Nyingine, NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012, iliteremsha habari zake katika kituo cha Malindi hiyo hiyo. Mwaka 2016 iliona eksirei kali za nova iliyolipuka siku kama 12 nyuma, upande wa buruji ya Kausi.

Atakaye kuijua buruji hiyo na atoke nje mwezi wa Agosti, baada ya sala ya Isha, atazame juu, kusini kidogo ya utosi.