Mtoto Mwenye Usonji Naye Apimwe Damu

SAFU YA RHOBI MWITA

Ukame ulipoikamata Tarime mwaka 1985, watu wenye afya njema, hasa watoto na akina mama, walikakamaa miguu ghafla na wengi hawakupona tena. Dk. William Howlett na wenzake walipochunguza, walikuta chanzo kwenye chungu cha ugali. Njaa ilikuwa imefupisha siku za kuvundika na kuanika mihogo michungu, na sumu ya sianidi ikabaki ndani ya unga. Ugonjwa huo ni konzo. Mwili huondoa sianidi kwa salfa inayotoka kwenye protini za nyama, samaki, maziwa na maharage. Anayekula ugali wa muhogo kwa mboga za majani tu, akiba hiyo hana.

Naukumbusha mkasa huo kwa sababu wilaya zetu za Mara zimeshaona chakula kikifika hadi kwenye mishipa ya fahamu, lakini mtoto mwenye usonji bado tunamtazama kana kwamba ana tabia tu, mwili hana. Hasemi, hamtazami mtu machoni, kelele za mnadani zinamtesa. Jirani ananong'ona kwamba ni laana ya ukoo. Mwingine anamlaumu mama kwa malezi. Nani anauliza kuhusu damu yake, tumbo lake, usingizi wake?

Nieleweke vizuri: hakuna ushahidi kwamba muhogo huleta usonji. Ila mwaka 2004 S. Jill James na wenzake, kule Arkansas, Marekani, walilinganisha damu ya watoto 20 wenye usonji na ya watoto 33 wasio nao. Wenye usonji walikuwa na upungufu wa methionini, sisteini na glutathioni, viini vyenye salfa ambavyo mwili huvitumia kujikinga. Tofauti hiyo yaweza kuwa chanzo, yaweza pia kuwa matokeo, maana wengi wa watoto hawa huchagua sana chakula. Yupo anayekula ugali mkavu peke yake, samaki hagusi. Kwa hiyo anayewauzia wazazi vidonge vya "kuponya usonji" kwa kisingizio cha utafiti kama huo anawaibia.

Yapo hata hivyo maradhi ya metaboli yanayoweza kujitokeza kwa dalili za usonji, na yana tiba. Mwaka 1934 daktari Asbjørn Følling wa Norwei, alipopima mkojo wa watoto wawili wa mama mmoja, aligundua fenilketonuria: kijenzi kimoja cha protini hakivunjwi, kinarundikana, kinaumiza ubongo. Leo katika nchi nyingi tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga huufichua ugonjwa huo, na lishe maalumu ikianza mapema mtoto hukua vizuri. Ni ugonjwa adimu, lakini mtoto akizaliwa nao Mugumu au Nyamongo, nani atamjulia?

Kipimo hicho kwa kila mtoto mchanga kitahitaji fedha na maabara, na wabunge wetu wa Mara wakidai bungeni. Mengine hayahitaji kusubiri. Mama akimleta kliniki mtoto asiyesema, mhudumu amuulize anakula nini na anakataa nini, kama choo ni kigumu, kama analala, kama aliwahi kupata degedege au malaria kali. Apimwe wingi wa damu na usikivu wa masikio. Majibu yaandikwe kwenye kadi yake, ili akipewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, daktari wa huko asianze upya na mama aliyekwisha kuchoka.